Kila Kitabu na Jina la Jirani

Mkutubi Mkuu alitoa tangazo Jumatatu asubuhi, kwa sauti ile ya upole ambayo wafanyakazi wake waliiogopa kuliko kufoka. Wiki moja ikipita, alisema, maktaba inaingia kwenye kompyuta. Kadi basi, droo basi. Tangu leo hadi Ijumaa ni mafunzo na majaribio, na yeyote ambaye mfumo mpya utamshinda atashushwa kwenye stoo ya magazeti ya zamani, kule chini. Si adhabu, akaongeza huku akifuta miwani; ni kumpa kila mtu kazi anayoiweza.

Wafanyakazi sita walimsikiliza wakiwa wamesimama. Watano waliangaliana. Wa sita, mwanamke wa miaka hamsini na minne aliyekuwa nyuma kabisa, hakumwangalia mtu. Alikuwa ameshika ukingo wa meza ya kuazimia vitabu kama anayehofia itaondoka.

Meza hiyo ilikuwa yake kwa miaka ishirini na sita. Wasomaji walimwita Mama Muhuri, kwa jinsi alivyogonga muhuri wa tarehe ya kurudisha kitabu: pigo moja, bila kuangalia, na tarehe ikatua imenyooka ndani ya kisanduku chake. Watoto waliokuwa wakiazima kwake hadithi za wanyama sasa walikuja na watoto wao. Hapo mezani alijua nani kafiwa, nani kaachwa, nani anajisomea kimyakimya vitabu vya sheria kwa sababu kaka zake wanataka kumpokonya shamba. Nyumbani alikuwa mjane anayekaa na mdogo wake. Mezani alikuwa mtu.

Huko kutoangalia kulikuwa jambo la kujivunia, mpaka miaka miwili iliyopita kulipogeuka kuwa jambo la lazima. Ukungu ulianza kwenye jicho la kulia, ukahamia la kushoto, na taa za dari zikaota ndevu. Daktari wa zahanati alisema ni mtoto wa jicho, pande zote mbili, na dawa yake ni kisu. Neno kisu lilimtosha. Mama yao aliingia hospitali akiwa na jicho moja linaloona, akatoka hana hata moja, na akaishi miaka tisa akiuliza kila mara kama kumekucha. Mama Muhuri alirudi nyumbani siku hiyo akamwambia mdogo wake, na baada ya hapo hakumwambia mtu mwingine yeyote.

Kumbe kuficha upofu maktabani si kazi ngumu kama watu wanavyodhani. Droo za kadi alizijua kwa vidole. Wasomaji aliwajua kwa sauti, kwa mwendo, kwa harufu ya sabuni. Palipokuwa na namba ya kusoma, alimsukumia msomaji kadi yake na kusema, "Nitajie mwenyewe, mwanangu, nisije nikakukosea," na msomaji akaona hapa kuna mama mwenye heshima. Vitabu navyo vilikuwa na miili: hiki kimepasuka pembe, kile kimeshonwa upya kwa uzi wa fundi viatu, kingine kimevimba kwa maji ya mvua ya mwaka fulani.

Lakini kadi unaipapasa. Skrini haipapasiki.

Mafunzo yalifanyika asubuhi kabla ya kufungua milango. Mtaalamu wa mfumo, bwana mmoja mnene mcheshi aliyetumwa na kampuni iliyouuza, aliwaketisha mbele ya kompyuta na kuwaonyesha jinsi ya kumulika namba ya jaladani kwa kifaa cha mkononi chenye mwanga, kisha kuazimisha, kupokea na kuongeza muda. Mama Muhuri aligundua jambo moja siku ya kwanza, akalishika kama mtu anayezama anavyoshika unyasi: yule bwana alitumia mifano kumi ileile, kwa mpangilio uleule, kila siku. Akaikariri. Kitufe cha pili kutoka kushoto, safu ya juu, ni kuazimisha. Cha tatu ni kupokea. Mlio mmoja ni sawa, milio miwili ni kasoro.

Jioni, kabla ya chakula, mdogo wake ambaye alikuwa fundi cherehani alisafisha meza ya kushonea na kumpangia vifungo vya shati kwa safu, mfano wa kibodi. Mama Muhuri akafanya mazoezi, vidole vikitembea juu ya vifungo, huku mdogo mtu akitoa milio kwa mdomo. Walicheka sana siku ya kwanza. Siku ya pili mdogo wake aliacha kucheka.

"Dada, unajifunza kudanganya kwa bidii ambayo ungejifunzia kuona."

"Niende nikatolewe na haka kamwanga kalikobaki?"

"Mama alipasuliwa miaka thelathini iliyopita."

"Na macho ni yaleyale," akasema Mama Muhuri. "Rudia. Kasoro inaliaje?"

Hata hivyo, hofu yake kubwa haikuwa vitufe. Mwezi mzima kabla ya hapo maktaba ilikuwa ikitia vitabu namba, na yeye mwenyewe ndiye aliyejitolea kufanya sehemu kubwa, ili asipewe kazi ya kuchapa. Namba zilikuja kwenye karatasi za vibandiko, kila namba ikiwa imechapwa mara mbili. Kibandiko cha kushoto kiliwekwa kwenye jalada la kitabu, cha kulia kwenye kadi ya kitabu hichohicho. Kadi ilikwenda kwa mchapaji, naye akaandika kwenye kompyuta: namba hii, kitabu hiki. Kisha aliichana kadi vipande viwili, isije ikachapwa mara ya pili, akaitupa. Hiyo ilikuwa amri ya Mkuu mwenyewe, aliyechukia kazi kurudiwa.

Mama Muhuri alibandika rafu nzima ya mifugo, kilimo, uzazi na malezi. Vitabu mia sita na arobaini. Kubandua na kubandika hakuhitaji macho, alijiambia, kunahitaji mpangilio. Vitabu vimepangwa, vibandiko vimepangwa, wewe unafuata tu. Lakini tangu amalize, kila alipopita mbele ya rafu ile alihisi kama mtu aliyetoka nyumbani na hakumbuki kama alizima jiko.

Jumatano ilikuwa zamu ya wasomaji. Walipanga foleni kujaza fomu na kupigwa picha za kadi mpya, na manung'uniko yalikuwa ya kujaza gunia. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu ambaye hajawahi kukosa kuja maktabani wiki yoyote, aliegemea meza na kumwuliza Mama Muhuri inakuwaje yeye anayemjua mpaka kikohozi chake leo anamtaka aandike jina. Na je, goti lake likivimba asiweze kurudisha kitabu kwa wakati, mashine itamsubiri kama yeye alivyokuwa akimsubiri?

"Itakuandika umechelewa, Mwalimu," akamjibu. "Haina goti."

Foleni yote ikacheka, na Mkutubi Mkuu, aliyekuwa akipita, naye akatabasamu. Mama Muhuri aliusikia ule upole wa nyayo zake ukiondoka, akashusha pumzi.

Alhamisi saa nne yakafanyika majaribio. Wasomaji halisi, vitabu halisi, na Mama Muhuri mezani wa kwanza kwa kuwa ndiye mkongwe. Mkuu alisimama nyuma ya bega lake. Mtaalamu alisimama pembeni na daftari la alama.

Msomaji wa kwanza aliweka kitabu. Mama Muhuri alikishika: kinene, kona imeliwa na panya. Akamulika jalada, mlio mmoja, kitufe cha pili. Akainua uso kuelekea ule mwanga mweupe wa skrini, akasema kwa sauti ya mtu anayesoma: "Ufugaji wa nyuki. Utarudisha tarehe kumi na nne." Msomaji akashukuru. Wa pili alileta kitabu chembamba chenye gamba gumu. Mlio. "Magonjwa ya mbuzi. Tarehe kumi na nne." Kalamu ya mtaalamu ilikwaruza daftari. Jasho lilimteremka mgongoni, lakini moyoni alianza kusikia kitu kama wimbo.

Wa tatu alikuwa Mwalimu, na kitabu chake cha kilimo cha vitunguu, ambacho Mama Muhuri angekijua hata ndotoni kwa harufu. Mlio. Kitufe. "Kilimo cha vitunguu," akasema. "Tarehe kumi na nne, Mwalimu."

Mwalimu hakuondoka. Alikuwa ameinama juu ya meza, shingo ameikunja, anatazama skrini kwa upande.

"Mama, mimi nimeazima vitunguu," akasema. "Hapa pameandikwa kumnyonyesha mtoto wa kwanza."

Watu walicheka. Mkuu hakucheka. Aliinama, akasoma, akarudisha ukurasa wa skrini nyuma. Mbuzi hawakuwa mbuzi. Walikuwa ng'ombe wa maziwa. Nyuki walikuwa bata.

"Vitabu vitatu," Mkuu akasema taratibu, "na mara tatu umesoma kwa sauti jina ambalo halipo hapa."

Mama Muhuri alijua ana muda wa pumzi moja, na katika pumzi hiyo mdomo wake ulifanya kazi peke yake.

"Nilisoma jalada, Mkuu. Nilijua mchapaji ameshahakikisha."

Ndivyo kosa lilivyomwangukia mchapaji. Alikuwa mwanamume wa makamo, mpole, wa mkataba wa miezi mitatu. Barua yake ya ajira ya kudumu ilikuwa ofisini ikingoja sahihi tu. Walimwita, wakamulika vitabu ishirini vya rafu ile mbele yake, na karibu vyote vikaitika majina yasiyo yao. Aliapa kwamba alinakili kila kadi kama ilivyo. Mkuu akamtaka aonyeshe kadi hizo. Zilikuwa zimechanwa, zimetupwa, kama alivyoamriwa. Basi, akasema Mkuu bila kupandisha sauti, utavichapa upya vyote mia sita na arobaini kutoka kwenye vitabu vyenyewe kabla ya Jumatatu, na baada ya hapo tutaagana.

Usiku ule Mama Muhuri alijiambia labda kweli kosa ni la mchapaji. Watu huchoka. Vidole huteleza. Alijiambia mara nyingi sana kwa mtu anayeamini.

Ijumaa asubuhi Mkuu alimtuma akamsaidie kwa kumtolea vitabu rafuni. Mchapaji alikuwa amekaa kwenye kimeza kidogo kati ya rafu, macho mekundu, akichapa kwa vidole viwili kana kwamba herufi zingeweza kumponyoka. Mama Muhuri alianzia mwanzo wa rafu, akashusha kitabu kimoja kimoja, akikipitisha kidole gumba juu ya jalada ili ajue ni kipi. Cha kwanza, cha pili, mpaka cha nane.

Kwenye kitabu cha tisa kidole gumba kilisimama.

Kibandiko kilikuwa kinene. Kwa unene wa unywele tu, lakini kinene. Aligeuka akampa mchapaji mgongo, akaingiza ukucha kwenye kona. Kibandiko cha juu kikabanduka taratibu, na chini yake kulikuwa na kingine.

Hakuhitaji kusoma namba. Aliona yote kwa ukamilifu ambao macho yake hayakuwahi kumpa kwa miaka miwili. Vibandiko viwili vilishikana, yeye akavibandika pamoja juu ya kitabu kimoja, na tangu hapo upande wa kushoto ukatangulia upande wa kulia kwa hatua moja. Kitabu cha kumi kikapata namba ya kadi ya kumi na moja. Cha kumi na moja, ya kumi na mbili. Kila kitabu, mpaka mwisho wa rafu, kikawa kinaitika jina la jirani yake. Na mwenye macho mazima angeona hilo papo hapo, kwenye karatasi ya kwanza.

Alikibana kile kibandiko kwenye kiganja. Hakuna aliyemwona. Mchapaji alikuwa akiuliza kitabu kinachofuata.

Tangu saa nne mpaka saa tisa alasiri alikuwa nacho mkononi. Alitoa vitabu kwa mkono mmoja. Kwa wakati ule mchapaji alikuwa amefikia kitabu cha tisini na mbili, na alipoinuka kwenda kunywa maji alisema, kama anayeongea na ukuta, kwamba hajui tena kama namba anayoiona ndiyo namba iliyopo. Mama Muhuri aliyajua maneno hayo. Angeweza kuyasema yeye.

Saa tisa Mkuu aliwakusanya wote mezani. Alisoma majina kutoka kwenye karatasi, na kila jina mahali pake. Mtaalamu alikuwa ametoa alama. Makosa ya jana hayakuhesabiwa kwa mtu wa meza.

"Mama Muhuri," Mkuu akasoma, "meza ya kuazimia."

Wenzake walimpiga mabega kwa furaha. Aliusikia ubao wa meza chini ya kiganja chake, laini palipoliwa na viwiko vyake mwenyewe. Ilikuwa yake. Kilichobaki kilikuwa kunyamaza, kazi ambayo alikuwa ameifanya vizuri miaka miwili. Kisha Mkuu akageukia jina la mwisho, akasema mchapaji atafanya kazi mpaka Jumapili jioni na maktaba inamtakia heri, na mchapaji akasema, "Sawa, Mkuu," kwa sauti ambayo haikuwa hata na hasira.

"Kosa si lake," akasema Mama Muhuri.

Alifungua kiganja. Kibandiko kilikuwa kimelowa jasho, kimekunjana. Akaeleza kama angeeleza jambo la mtu mwingine: kitabu cha tisa, vibandiko viwili, hatua moja mbele mpaka mwisho. Mtaalamu ndiye aliyemwelewa kwanza. Akapiga paja lake na kusema kumbe hakuna cha kuchapa tena. Atayasogeza majina yote yaliyobaki nafasi moja ndani ya mashine yenyewe, na saa moja ni nyingi.

Mkuu hakumsikiliza. Alikuwa akimtazama Mama Muhuri.

"Ulipobandika hukuona ni viwili?"

"Sikuona."

"Na skrini jana?"

"Sikuona, Mkuu."

"Tangu lini?"

"Miaka miwili."

Kalamu ya Mkuu ilipita juu ya karatasi, mstari mmoja mfupi wa kukata jina, hilo alilisikia. Akamwambia aende hospitali Jumatatu, atamwandikia ruhusa. Akamwambia pia kwamba hawezi kumwahidi meza, wala kumwahidi kwamba alilofanya jana litasahaulika. Sauti ilikuwa ileile ya upole, na kwa mara ya kwanza Mama Muhuri hakuiogopa, kwa kuwa haikuwa na kitu kingine cha kuchukua.

Mchapaji alimkuta koridoni akitafuta mkoba wake ukutani kwa mikono. Mama Muhuri alidhani atamshukuru, akaona aibu kwa kudhani hivyo.

"Tangu jana saa nne," akasema mchapaji. "Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu labda kweli nimekosea. Usiku kucha nilikuwa nakumbuka nikizikosea kadi ambazo sikuwahi kuzikosea. Nilianza kuamini kuwa mimi ni mzembe, mama."

"Najua, mwanangu."

"Hujui." Akautungua mkoba kwenye msumari, akamwekea mkononi, akaondoka.

Nyumbani mdogo wake hakumwambia nilikwambia. Alizima cherehani, akamsikiliza mpaka mwisho, akauliza saa ngapi Jumatatu.

Jumatatu, wakati milango ya maktaba ikifunguliwa na mtu mwingine akikaa kwenye kiti chake, Mama Muhuri alikuwa kwenye benchi la kliniki ya macho, mdogo wake pembeni. Ukuta wa mbele ulikuwa na ubao wa herufi, ambao kwake ulikuwa mraba mweupe tu. Mgonjwa aliyemtangulia, mwanamke mwenye sauti kubwa ya sokoni, alisomeshwa mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, na Mama Muhuri akajikuta anaukamata kila mstari kama ulivyotamkwa, anaupanga, anaurudia kimoyomoyo. Hakukusudia. Kichwa kilikuwa kimezoea. Mwanamke yule alipoinuka, Mama Muhuri alikuwa nayo mistari yote mitatu, haikupungua herufi.

Muuguzi akamwita. Akamkalisha, akamfunika jicho la kushoto kwa kikombe cha plastiki.

"Haya, mama. Anzia mstari wa juu."

Herufi zilikuja zenyewe mpaka kwenye ulimi, zimejipanga, zikingoja. Akazimeza.

"Hapo mimi sioni kitu," akasema. "Hata ule wa juu."

Muuguzi akaandika.